UZI: Kufuata besiboli ukiwa Malindi: saa, bando, karatasi ya alama na mitihani

#1 ShotistopuMaweni

Habari za saa hizi ndugu zangu. Uzi huu ni wa wanaofuata besiboli ya Marekani na Japani wakiwa huku Malindi, Watamu, Mambrui na hata Lamu, na bado wana masomo ya chuo na zamu ya kazi. Tuandike yanayofanya kazi: saa, gharama, namna ya kufuata mechi bila kuikodolea macho simu usiku kucha. Mabishano ya timu za Yankees na Red Sox yana nafasi yake kwingine.

Naanza na saa kwa sababu hapo ndipo wengi hupoteza msimu mzima.

Mwezi Machi hadi mwanzo wa Novemba, Marekani Mashariki (New York, Boston, Atlanta, Miami, pamoja na Toronto ya Kanada) wako nyuma yetu kwa saa 7. Saa ya Kiswahili nayo iko nyuma ya saa ya kizungu kwa 6. Saba toa sita inabaki moja. Kwa hiyo ukiona ratiba imeandikwa saa za New York, ongeza 1 tu, umepata saa yetu. Mechi ya 7:05 jioni New York ni saa nane na dakika tano usiku. Mechi ya 1:05 mchana ni saa mbili na dakika tano usiku. Huhitaji programu ya kubadilisha saa.

Ukienda magharibi unaongeza moja kila ukanda:
Chicago, St. Louis, Houston: ongeza 2.
Denver: ongeza 3.
Los Angeles, San Diego, San Francisco, Seattle: ongeza 4.
Arizona hawabadilishi saa zao, lakini kwa miezi hiyo wako sawa na Los Angeles, kwa hiyo nao ni 4.

Mechi ya Dodgers wa Los Angeles ya 7:10 jioni kwao ni saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri kwetu.

Sasa Japani, na hapa ndipo penye utamu. Tokyo iko mbele yetu kwa saa 6 kamili. Saa yao ya ukutani na saa yetu ya Kiswahili zinasoma namba ileile! Mechi ya saa 6 jioni Tokyo ni saa sita mchana Malindi. Mechi ya saa 2 mchana kwao ni saa mbili asubuhi kwetu. Korea Kusini ni hivyo hivyo, mechi ya 6:30 jioni Seoul ni saa sita na nusu mchana. Hao hawabadilishi saa mwaka mzima.

#2 BintiBarani

Ahsante kaka. Niongeze jambo la tarehe, maana hesabu yako ya namba ni sahihi lakini mtu anaweza kuamka siku isiyo yake.

Mechi ya Marekani Mashariki inayoanza kabla ya saa 5 jioni kwao, kwetu bado ni siku ileile. Ikianza saa 5 jioni au baadaye, kwetu imeshavuka usiku wa manane. Ratiba ikisema Jumamosi 7:05 jioni, hiyo ni usiku wa kuamkia Jumapili. Andika hivyohivyo kwenye kalenda yako, "kuamkia Jumapili saa 8:05". Usiandike "Jumamosi usiku", kwa sababu utakaa macho Ijumaa kuamkia Jumamosi, au utaweka kengele ya Jumamosi saa mbili usiku, na zote mbili si zenyewe.

Kwenye simu, ukiruhusu programu isome saa za Nairobi, itakupa 2:05 AM na tarehe ya Jumapili. Hiyo ni sawa. Kosa huja pale unapochanganya ratiba ya programu na ratiba ya picha uliyotumiwa na mtu, kwa sababu ile picha ina tarehe ya Marekani.

#3 ZamuYaUsiku

Mkishaelewa saa, swali la pili ni timu gani. Najua watu wengi huchagua timu kwa jezi au kwa jina la mchezaji, na hakuna ubaya. Lakini mtu mwenye darasa saa mbili asubuhi na zamu ya hoteli saa tisa alasiri achague kwa saa kwanza, mapenzi yatakuja yenyewe. Msimu wa kawaida una mechi 162 kwa kila timu, karibu mechi 6 kila wiki kwa miezi sita. Timu ambayo mechi zake zote zinaanguka saa nane usiku itakumaliza kabla ya Juni.

Nawapangia hivi.

Timu za Mashariki (Yankees, Mets, Phillies, Orioles, Blue Jays na wenzao): mechi zao za katikati ya wiki ni saa nane usiku hadi karibu saa kumi na moja kasoro. Tangu saa ya kurushia (inayomharakisha mrushaji kurusha mpira) ianze kutumika mwaka 2023, wastani wa mechi ya iningi tisa (iningi ni zamu moja ya kila timu kupiga) umeshuka kutoka saa 3 na dakika 4 hadi saa 2 na dakika 40 hivi. Kwa hiyo inaisha karibu na adhana ya alfajiri. Ni saa mbaya kuliko zote kwa mwanafunzi, inakata usingizi katikati na huwezi kuurudisha.

Timu za Magharibi (Dodgers, Padres, Giants, Mariners, Angels): zinaanza karibu saa kumi na moja alfajiri zikiwa nyumbani. Ukilala saa tatu usiku na kuamka saa kumi na moja kasoro dakika tano, umelala karibu saa nane nzima. Mechi inaisha saa mbili kasoro ya asubuhi. Mwenye darasa la saa mbili ataondoka kwenye iningi ya sita au ya saba, na mwenye zamu ya mchana ataimaliza yote. Hili ndilo kundi linalomfaa mtu wa pwani anayeamka kwa swala.

Chicago Cubs ni kisa cha peke yake. Uwanja wao wa Wrigley Field haukuwa na taa hadi Agosti 1988, na hadi leo wanacheza mechi nyingi za nyumbani mchana. Ya 1:20 mchana kwao ni saa tatu na dakika ishirini usiku kwetu, na inaisha saa sita usiku. Kwa mtu anayetoka kazini saa mbili usiku, akala, akaoga, hiyo ni mechi yake.

Halafu kuna siku za safari. Timu ikimaliza mfululizo mji mmoja na inapaswa kuruka kwenda mji mwingine, mechi ya mwisho huwekwa mchana. Mara nyingi ni Jumatano au Alhamisi. Hizo kwetu ni kati ya saa mbili usiku na saa tano usiku. Pitia ratiba ya mwezi mzima na uzizungushie kalamu nyekundu.

Jumapili ndiyo karamu. Karibu timu zote hucheza mchana: Mashariki saa mbili na nusu usiku kwetu, Kati saa tatu na robo, Magharibi saa tano. Kama una usiku mmoja tu wa kutoa kwa wiki, utoe huo.

#4 ShotistopuMaweni

Nakubali yote. Na tazameni misimu inavyolingana na kazi zetu. Besiboli inaanza mwishoni mwa Machi, kaskazi ikiwa imechoka, na inaisha kusi ikiondoka. Aprili, Mei na Juni mvua zinanyesha, wageni wamepungua, hoteli zinapunguza zamu. Hiyo ndiyo miezi ya kujifunza mchezo na kuona mechi nzima nzima. Agosti Waitaliano wamejaa, zamu zinaongezwa, hapo ushuke hadi muhtasari tu. Desemba hadi Februari, kazi zikiwa nyingi kabisa, besiboli ya Marekani imelala. Mtu wa kazi za utalii Malindi amepangiwa vizuri kuliko mtu wa ofisi Nairobi.

#5 FundiBando

Upande wa data sasa. Kuna kanuni moja ya kukariri: kilobiti kwa sekunde zidisha 0.45, unapata megabaiti kwa saa. Inatumika kwa video, redio, chochote kinachotiririka.

Sauti ya kilobiti 64: MB 29 kwa saa, mechi nzima kama MB 77.
Video ya chini, kilobiti 700: MB 315 kwa saa, mechi nzima kama MB 840.
Video ya wastani, kilobiti 1,500: MB 675 kwa saa, mechi nzima GB 1.8.

Timu yako ikicheza mechi 25 kwa mwezi, video ya wastani ingekula GB 45. Sauti ya mechi hizo hizo haifiki GB 2. Ndiyo maana shabiki wa mbali anayejua kazi yake ni msikilizaji kwanza, mtazamaji baadaye. Besiboli ilikuzwa na redio, mtangazaji anakueleza kila mrusho, nani yuko besi gani (besi ni vituo anavyokimbilia mpigaji), upepo unavuma wapi. Haikupungukii kitu kikubwa.

Chini ya sauti kuna Gameday ndani ya programu ya MLB (ligi kuu ya besiboli ya Marekani). Haina video. Inachora kisanduku cha straiki (eneo la mrusho halali mbele ya mpigaji) na kuweka nukta pale mpira ulipopita, aina ya mrusho na kasi yake kwa maili (zidisha 1.6 upate kilomita, kwa hiyo 95 ni kama kilomita 152 kwa saa). Ni bure na inakula data kidogo sana. Kwenye matatu ya kwenda Kilifi ambako mtandao unakuja na kuondoka, Gameday hushika tena palepale ilipoachia. Video ingekwama.

Mambo yanayoharibika:
Ubora wa video umewekwa "otomatiki". Ukipata mtandao mzuri ghafla, simu inapanda hadi ubora wa juu na bando linaisha kwenye iningi ya nne. Funga ubora kwa mkono kabla hujaanza.
Programu nyingine zinajisasisha usiku uleule. Zima masasisho ya data ya simu.
Stima inapotea mvua ikinyesha. Pawabenki iliyoandikwa mAh 10,000 haitoi 10,000, inatoa kama 6,000 hivi baada ya hasara ya kupandisha volti na joto. Hiyo ni kujaza simu ya mAh 5,000 mara moja na ziada kidogo. Skrini ikizimwa na sauti ikabaki, utamaliza mechi bila hata kuichomeka.

#6 BintiBarani

FundiBando, na mtu akitaka kulipia kabisa aone video? Kuna jambo la mechi kufungwa nasikia.

#7 FundiBando

Dada, kufungwa huko kunawahusu zaidi watazamaji walio Marekani na Kanada, ambao mechi za timu ya eneo lao huzuiwa kwenye huduma ya mtandaoni. Ukiwa Kenya, mechi za msimu wa kawaida kwa sehemu kubwa ziko wazi.

Kabla ya kulipa, angalia mambo matatu. Kuna kifurushi cha sauti peke yake, na ni nafuu sana kuliko cha video, anza nacho. Usajili hujirudia wenyewe, kwa hiyo uufute mara tu mechi ya mwisho inapoisha, usingoje kadi ikatwe tena kabla ya msimu mpya. Na huduma ya video huhifadhi mechi zilizopita, kwa hiyo unalipia uhuru wa kuona saa unayotaka wewe. Hilo ndilo la thamani kwetu, kuliko hata kuona moja kwa moja.

Kwa asiyelipa, muhtasari rasmi wa kila mechi huwekwa YouTube. Ni dakika chache, kumi hivi zikizidi. Zima arifa za matokeo, na ndani ya programu ya MLB washa sehemu ya kuficha matokeo. Mechi iliyoisha saa kumi na moja kasoro alfajiri unaiona na chai ya asubuhi kama mpya, ilimradi hukufungua kundi la WhatsApp kwanza.

#8 MwalimuMiraba

Nimesubiri mfike kwenye karatasi ya alama hamjafika, basi naiweka mimi. Mtu anayesikiliza redio bila kuandika atasinzia kwenye iningi ya tatu. Mwenye penseli mkononi anaiona mechi nzima kichwani, na kesho yake ana rekodi yake mwenyewe. Ni ufundi, na unajifunzwa kwa mechi tatu nne.

Karatasi: A4 iliyolazwa. Safu ya majina upana wa sm 5, kisha safu 10 za sm 2 kila moja kwa iningi, kisha sm 3 za jumla. Inabaki karibu sm 1 kila upande. Mistari 11 ya urefu wa sm 1.6: tisa za wapigaji, mbili za wanaoingia badala. Ndani ya kila kisanduku chora almasi ndogo. Upande wa pili wa karatasi ni timu ya pili. Kitabu cha hesabu chenye miraba pia kinafaa. Tumia penseli yenye raba, kalamu ya wino itakuponza.

Namba za nafasi uwanjani hazibadiliki kamwe:
1 mrushaji, 2 mdakaji, 3 besi ya kwanza, 4 besi ya pili, 5 besi ya tatu, 6 shotistopu, 7 uwanja wa kushoto, 8 wa kati, 9 wa kulia.

Tazama 5 na 6. Wengi hudhani shotistopu ni 5 kwa kuwa amesimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Sivyo, yeye ni 6.

Alama za kutosha kuanzia: K ni aliyetolewa kwa straiki tatu huku amepiga akakosa. K iliyogeuzwa nyuma ni aliyesimama akiangalia tu straiki ya tatu ikipita. BB ni aliyepewa besi ya bure baada ya boli nne (mirusho iliyopita nje ya kisanduku cha straiki bila yeye kupiga). HBP ni aliyegongwa na mpira. F8 ni mpira wa juu uliodakwa na mtu wa uwanja wa kati. E6 ni kosa la shotistopu.

Sasa nusu ya iningi moja, kwa ukaribu. Mpigaji wa kwanza anapiga mpira unaotua uwanja wa kushoto, anafika besi ya kwanza. Kwenye kisanduku chake unakoleza kwa penseli upande wa almasi kutoka nyumbani (anaposimama mpigaji) hadi besi ya kwanza, kando unaandika 1B na 7. Mpigaji wa pili anausukuma mpira chini kwa shotistopu. Shotistopu anamrushia wa besi ya pili, huyo anakanyaga besi na kumrushia wa besi ya kwanza. Watu wawili nje. Kwenye kisanduku cha mkimbiaji wa kwanza unaandika 6-4 na duara lenye 1, kwa kuwa yeye ndiye aliyetoka kwanza. Kwenye kisanduku cha mpigaji wa pili unaandika 6-4-3 na duara lenye 2. Mpigaji wa tatu anaangalia straiki ya tatu ikipita: K ya kugeuzwa, duara lenye 3. Chora mkwaju (/) kwenye pembe ya chini ya kisanduku chake. Iningi inayofuata inaanza na mpigaji wa nne, si wa kwanza.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayowaangusha wanafunzi wengi. Wanarudi juu ya orodha kila iningi kama kwenye raundazi za shule ya msingi. Orodha inaendelea palepale ilipokomea.

Kosa la pili: timu ikipiga mfululizo hadi wapigaji wote tisa wamepita ndani ya iningi moja, safu inajaa. Hapo unaazima safu inayofuata, unafuta namba za iningi juu na kuziandika upya. Kwa hiyo nimeweka safu ya kumi.

Kosa la tatu ni la hesabu. Mrushaji akiandikiwa 6.2, maana yake ni iningi 6 na mbili ya tatu. Pointi hapo si desimali. Tuseme ameruhusu mikimbio 3 ya halali (pointi zisizotokana na makosa ya wenzake). Wastani wake wa mikimbio kwa iningi tisa ni 3 mara 9, sawa na 27, gawanya kwa sita na theluthi mbili: 4.05. Ukigawanya kwa 6.2 kwenye kikokotoo unapata 4.35, na umemdhulumu mtu.

Mwisho wa mechi hakiki karatasi yako. Jumla ya wote waliosimama kupiga lazima ilingane na mikimbio iliyofungwa, jumlisha walioachwa kwenye besi, jumlisha waliotolewa. Mfano: waliohesabiwa kupiga 33, besi za bure 4, mpira wa kujitolea 1 (mpigaji anadakwa ila mwenzake anafunga), jumla 38. Mikimbio 5, walioachwa 6, waliotolewa 27, jumla 38. Imekaa. Isipokaa, kuna mtu umemruka. Na kumbuka timu ya nyumbani ikiwa inaongoza haipigi nusu ya mwisho ya iningi ya tisa, kwa hiyo waliotolewa upande wake ni 24.

#9 KidatoChaNne

Shikamoo Mwalimu. Nauliza kuhusu Oktoba. Mechi za fainali zinaangukia KCSE. Na je, mtu anaweza kusoma huku mechi inaendelea?

#10 MwalimuMiraba

Marahaba mwanangu. Naanza na la mwisho. Hisabati, fizikia, insha: hapana. Ubongo hauwezi kushika sentensi ya mtangazaji na hatua ya mlinganyo kwa pamoja, unaruka huku na kule na unapoteza vyote. Kinachowezekana ni kadi ndogo za msamiati au tarehe za historia, wakati wa mapumziko kati ya nusu iningi. Mapumziko hayo ni dakika mbili hivi, na mechi ya iningi tisa inayo 17. Hiyo ni zaidi ya nusu saa ya kadi. Sauti iwe chini, kadi 5 kwa kila pumziko, usizidishe.

Kuhusu Oktoba: tangu 2022 kila moja ya ligi mbili za MLB hupeleka timu 6. Raundi ya kwanza ni bora katika 3 (anayeshinda mechi 2 kwanza), ya pili bora katika 5, kisha bora katika 7, na Msururu wa Dunia (World Series, yaani fainali) bora katika 7. Mechi za Msururu wa Dunia huanza karibu saa 2 usiku New York, kwetu ni saa tisa usiku. Na kwenye hatua hizo hakuna ile kanuni ya kumweka mkimbiaji besi ya pili iningi za nyongeza zikianza. Mechi inaendelea hadi apatikane mshindi. Mechi ya tatu ya 2025, Dodgers na Blue Jays, ilifika iningi 18 na ilichukua saa 6 na dakika 39. Freddie Freeman wa Dodgers alipoimaliza kwa homurani (pigo linalovuka uzio na kufunga moja kwa moja), Malindi ilikuwa karibu saa nne asubuhi ya Jumanne.

Mtahiniwa aliyeamka saa tisa usiku kwa ajili ya mechi ile angekuwa ameingia chumba cha mtihani nayo haijaisha. Mwanangu, msimu huu wa mtihani wewe ni mtu wa muhtasari. Vijana wa umri wako wanahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi, na ulichosoma jioni hukaa kichwani wakati umelala. Zima arifa, lala, muhtasari utauona baada ya karatasi ya mchana.

#11 ZamuYaUsiku

Mwalimu, kwa mtahiniwa nakubali kabisa. Kwa mtu wa chuo au mfanyakazi naona tumwachie kidogo. Msururu wa Dunia ukiukosa moja kwa moja, muhtasari hauwezi kukupa ile hali ya hesabu imejaa, boli tatu straiki mbili, besi zimejaa, uwanja mzima umesimama. Anayeupenda mchezo huu anastahili kuwa macho kwa mechi mbili tatu kwa mwaka.

Achague mechi zinazoangukia usiku wa kuamkia Jumamosi na kuamkia Jumapili. Aombe kubadilishana zamu wiki mbili kabla, si siku moja kabla, na ampe mwenzake zamu nzuri badala yake, mfano ya Jumapili mchana. Alale saa mbili usiku baada ya isha, aamke saa tisa kasoro. Kahawa moja tu wakati wa kuamka. Kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu mwilini, kwa hiyo vikombe vya saa kumi na mbili asubuhi vitamnyima usingizi wa mchana anaouhitaji. Halafu asiendeshe pikipiki asubuhi hiyo. Abiria wa boda hawana kosa.

#12 MwalimuMiraba

Mbili tatu kwa mwaka, sawa. Hapo sina pingamizi.

#13 NahodhaWaMambrui

Mmesahau kucheza! Anayeshika mpira kwa mkono wake anaelewa kwa nini 6-4-3 ni jambo la kasi.

Besiboli kamili inataka mita 27.43 kati ya besi, glavu, magongo, kofia ngumu. Hapa kwetu anzeni na Baseball5, mchezo rasmi wa shirikisho la dunia. Watu 5 kila upande, iningi 5, hakuna gongo, hakuna glavu, hakuna mrushaji. Mpigaji anaushika mpira wa raba na kuupiga kwa kiganja au ngumi. Wavulana na wasichana wanacheza timu moja. Umo kwenye Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026.

Besi ziko mita 13. Mpimaji mzuri ni kamba. Pima kamba ya mita 18.38, hiyo ni kutoka nyumbani hadi besi ya pili. Chomeka vijiti miisho yote miwili. Chukua kamba mbili za mita 13, moja kutoka kila kijiti, zivute upande wa kulia hadi zikutane: hapo ni besi ya kwanza. Upande wa kushoto vivyo hivyo: besi ya tatu. Mkipima kwa hatua za miguu, mraba unatoka umepinda, na mkimbiaji wa upande mmoja anapata faida ya mita nzima.

Uwanja ni ufuo maji yakipwa. Siku za bamvua maji hupwa asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano, na mchanga uliobaki ni mgumu na tambarare. Siku za maji mafu ufuo hautoshi, nendeni kiwanja cha shule. Msicheze kwenye mchanga mkavu wa juu, mpira haudundi na vifundo vya miguu vinateguka. Na kusi ikivuma kwa nguvu pangeni nyumbani pa mpigaji pawe upande upepo unakoelekea, msije mkaukimbiza mpira hadi kwa wavuvi.

#14 BintiBarani

Swali la mwisho kwa kaka Shotistopu. Umesema kuongeza 1 ni hadi mwanzo wa Novemba. Baada ya hapo?

#15 ShotistopuMaweni

Dada, Marekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwaka 2026 hiyo ni tarehe 1. Kuanzia hapo unaongeza 2 badala ya 1 kwa Mashariki, 3 kwa Chicago, 5 kwa Los Angeles. Arizona ndiyo isiyobadilika, inabaki 4. Wanasogeza tena mbele Jumapili ya pili ya Machi, 2027 ni tarehe 14, kwa hiyo mechi za mazoezi za mwisho wa Februari bado ni za kuongeza 2 kwa zile za Florida, na 4 kwa zile za Arizona.

Japani usiguse kitu. Saa sita ni saa sita.